Watafiti wakishaondoka hawarudi: tufanyeje?

SUALI: Assalamu aleikum. Kikundi chetu cha wanawake kinalima mwani Wilaya ya Micheweni, Pemba. Kila mwaka wanakuja wanafunzi wa chuo na madodoso, wanatuuliza kwa nini kotonii, aina moja ya mwani, inakufa, kisha hatuwaoni tena. Tufanye nini ushirikiano udumu?

JAWABU: Waaleikum salaam, dada yetu. Mara nyingi ushirikiano huvunjika kwa sababu mapatano ni ya mtu mmoja. Mhadhiri akienda masomoni, au fedha za mradi zikimalizika, hapana anayejua mliahidiwa nini. Wekeaneni saini na idara yake. Kurasa mbili za Kiswahili zinatosha, nakala moja kwenu, moja chuoni, moja kwa sheha. Zitaje suali linalotafitiwa, posho ya siku, nani mwenye takwimu, nani atashika kazi mhadhiri akiondoka, na tarehe ya kuwaletea majibu. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Yadaini majibu kabla ripoti haijafungwa, mpate kuisahihisha.

Mwaka wa kwanza shikeni jambo moja tu, hiyo kotonii. Maji haba hupata moto sana yanapokupwa mchana, na kotonii haihimili joto kama spinosamu, aina nyengine ya mwani. Fungeni kamba 10 za urefu mmoja, kila mbegu (kipande cha mwani cha kupandia) gramu 100: kamba 5 pahala penu pa kawaida, 5 kwenye kina zaidi. Mbegu zitoke shamba moja na zipandwe siku moja, la sivyo hamtajua tofauti imeletwa na kina au na mbegu. Pimeni joto la maji kila bamvu (siku bahari inapojaa na kukupwa sana) yanapokupwa, na uzito baada ya wiki 6. Mbegu zilizokatika au kuliwa na samaki ziandikwe mbali. Daftari ziwe mbili, moja libaki kikundini. Kwenye kina panataka chombo na mtu anayejua kuogelea. Gharama hiyo ni ya chuo, msikubali ibebwe na kina mama.

Mikutano na watafiti nayo iwekwe maji mafu (siku bahari haijai wala kukupwa sana), takriban tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 za mwezi mwandamo. Ikiwekwa wakati wa bamvu, asubuhi nyote mko shambani, watahudhuria wasiolima, na maneno yao ndiyo yatakayoandikwa kuwa ya wakulima.