Kikaratasi kwanza, chura baadaye

Juzi kijana mmoja wa biolojia hapa Bukavu aliniandikia: "Mkubwa, tunataka kuanzisha makumbusho ya wanyama chuoni kwetu. Tutafute makabati kwanza?"

Makabati yangoje.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikusanya vyura miezi mitano kwenye vijito vya pande za Katana, usiku, buti zimejaa maji. Nilipata chupa 64 za vyura kwenye alkoli, nikazipanga kwenye labo kama mtu anayepanga mahari. Ndani ya kila chupa nilitia kikaratasi chenye jina la kijito, tarehe na mwinuko. Niliandika kwa biki. Baada ya wiki chache alkoli iligeuka buluu, vikaratasi vikabaki vyeupe. Mwalimu aliyenisimamia aliinua chupa moja mbele ya wenzangu: "Huyu ametoka wapi?" Nikanyamaza. "Basi hii ni nyama tu." Neno lile linanichoma mpaka leo, na lilikuwa la kweli.

Mwaka 1908 Annie Alexander alitoa mali yake kuanzisha makumbusho ya wanyama wenye uti wa mgongo katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mkurugenzi wa kwanza, Joseph Grinnell, aliwadai watu wake waandike kila kitu: mahali, siku, mwinuko, mnyama alikuwa akifanya nini. Mwaka 1910 alisema faida ya kazi ile ingeonekana baada ya miaka mingi, pengine karne. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walirudi Yosemite, hifadhi ya milimani huko California, mahali alipopima yeye tangu 1914, wakafuatilia aina 28 za wanyama wadogo. Nusu yao walikuwa wamehamia juu zaidi mlimani, wastani wa mita 500 hivi. Bila yale madaftari wangelinganisha na nini?

Sisi tuna mlima Kahuzi, mita 3,308. Nani ameandika panya na vyura wake wanakaa mwinuko gani? Nendeni Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, muombe kuona wanyama waliohifadhiwa tangu enzi za IRSAC, taasisi ya utafiti ya wakati wa Wabelgiji. Msiangalie ngozi, someni vikaratasi.

Kwa hiyo, wadogo zangu, penseli. Andika palepale mtoni, kabla hujafunga chupa, kikaratasi kiingie ndani. Usiseme utaandika nyumbani. Penseli, kila mara. Asiyeweza hilo amwache chura majini, kumuua bure ni dhambi.

Mwaka jana nilirudi kwenye kijito kimoja. Kimezungukwa na mashamba. Usiku mbili nilimtafuta chura mmoja mdogo wa kijani niliyemshika zamani, nadhani palepale, sikumpata. Chupa yake ninayo mezani. Kikaratasi chake ni cheupe.