Mkuki wa mita 6 unaushikaje, na yule wa safu ya kumi anafanya nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba askari wa Alexander Mkuu, yule mfalme wa Makedonia ya kale kaskazini mwa Ugiriki, walikuwa wanapigana na mikuki ya mita 5 mpaka 6. Mimi nimekulia Monduli, mkuki wa moran naujua, huo wa mita 6 mtu aliurushaje? Na wale wa nyuma ambao hata adui hawamwoni kazi yao ilikuwa nini? Halafu moran na huyo Mmakedonia ukiwakutanisha nani anatoka?

JIBU: Marahaba. Nianze na kurusha maana hapo ndo wengi wanateleza: haukurushwa kabisa. Ule mkuki uliitwa sarisa, unaushika mikono miwili usawa wa kiuno, kazi yake ni kuchoma na kusukuma, basi. Warusha mikuki walikuwepo kwenye jeshi hilohilo ila ni vikosi vingine, na mikuki yao mifupi na myepesi.

Sasa uzito. Makadirio mengi yanacheza kwenye kilo 5 na nusu mpaka 6 na nusu, ambayo kiukweli si kitu, ndoo ya maji ya lita 10 imeshaizidi na mtoto wa darasa la sita anaibeba. Ishu ni urefu. Kama umewahi kuangua maembe kwa upembo mrefu unanielewa, ukiushika mwisho kabisa ncha inayumba huko juu kama imelewa na mikono inaanza kuungua hata embe moja hujapata, afu huo upo wima, jaribu kuulaza uone. Wamakedonia walilitatua hilo kwa kuweka chuma kizito chenye ncha kule kwenye kitako cha mkuki, kikawa kinavuta balansi irudi nyuma. Kwa hiyo unaushika karibu na nyuma na bado mbele hauanguki. Polybius, Mgiriki wa karne ya 2 KK ambaye jeshini alikuwemo mwenyewe, anasema sarisa ya siku zake ilikuwa dhiraa 14, yaani mita 6 na kitu, dhiraa 4 zinaliwa na nafasi ya mikono na ule uzito wa nyuma, dhiraa 10 zote zinatoka mbele. Na wewe wa Monduli hicho chuma cha nyuma si kigeni kwako, mkuki wa moran nao una mkia wa chuma wa kuchomeka ardhini, tofauti ni kwamba kwenye sarisa kitako kinafanya na kazi ya mzani.

Swali linalokuja hapo ni ngao, mikono yote miwili imeshikwa. Ngao ilikuwa ndogo, kama sentimita 60 na kitu, inaning'inia kwa mkanda shingoni na begani. Linganisha na wale Wagiriki wa kabla yao, wao ngao yao karibu sentimita 90 inashika mkono wa kushoto wote, mkuki wa mita 2 na kitu upo kulia. Mfalme Philip, baba yake Alexander, alipoingia madarakani 359 KK alikuta wakulima na wachungaji ambao hela ya kujivisha shaba mwili mzima hawana. Akawapa mti mrefu, ngao ndogo na mazoezi. Mazoezi hasa! Kuna mwandishi wa kale, Polyaenus, anasema aliwatembeza kilomita kama 50 na zaidi wakiwa na kofia za chuma, ngao, sarisa na chakula chao mgongoni.

Haya, wa nyuma. Watu walipangwa 16 kwenda nyuma, na kila mmoja yupo kama sentimita 90 nyuma ya mwenzake. Piga hesabu: mkuki wa safu ya kwanza unatoka mbele mita 4 na nusu, wa pili 3.6, wa tatu 2.7, wa nne 1.8, wa tano 0.9. Yaani yule aliyesimama mbele kabisa ana ncha tano zinazomtangulia, yake na nne za wenzake zinazopita pembeni yake. Sasa mlinganishe na askari wa Roma, ambao baadaye walikuja kupigana na Wamakedonia: Mroma yeye anahitaji nafasi zaidi ili azungushe upanga, kwa hiyo kila Mroma mmoja anakutana na watu wawili, maana yake ncha kumi, akate ngapi? Kuanzia safu ya sita mikuki haimfikii mtu, wanaiinua kwa kuilaza mbele juu ya mabega ya wenzao ili mishale na mawe yagonge kwenye huo msitu wa miti kabla hayajashuka vichwani. Na wanasukuma kwa uzito wa miili yao, wa mbele hata akitaka kurudi harudi.

Kasoro yake ni kwamba ukishashusha mkuki huwezi kugeuka, jaribu kugeuka na upembo katikati ya watu 256 (ndo kikosi kimoja hicho, 16 kwa 16) uone utamtoboa nani. Kwenye vita ya Pydna, hukohuko Makedonia, mwaka 168 KK Waroma walijaribu kwanza kuikata mikuki kwa panga na kuisukuma kwa ngao, wakachomwa. Plutarch, mwandishi mwingine wa kale, anasema jemadari wao Aemilius Paullus alikuja kukiri baadaye kuwa hajawahi kuona kitu cha kutisha vile. Ila Wamakedonia wakawa wanasonga mbele mpaka kwenye ardhi ya mabonde mabonde, safu zikaanza kupishana, huku wameenda huku wamebaki, mianya ikafunguka. Paullus akawaambia watu wake waingie humo kwa vikundi vidogo vidogo, na ukishaingia ndani ya ncha, mwenye mti wa mita 6 hana la kukufanya, anautupa anachomoa kisu kidogo mbele ya mtu mwenye upanga na ngao kubwa. Haikuchukua hata saa moja na kitu, vita imeisha.

Kuhusu moran: mmoja kwa mmoja pesa yangu naweka kwa moran bila kufikiria mara mbili, anaukwepa ule mti mara moja tu anamfikia mtu. Wakiwa 256 kwa 256 kwenye uwanja tambarare kama wa mpira, naomba pesa yangu nirudishiwe.