Pete haimwingii, viatu vimepanda namba: chanzo ni nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 41, ni mfanyabiashara wa dagaa Mwaloni Kirumba. Miaka hii michache viatu vyake vimetoka namba 42 hadi 45, pete ya ndoa haimwingii, meno ya chini yameachana na anakoroma sana. Sukari kabla ya kula ni 14. Ameambiwa huenda homoni ya ukuaji imezidi. Watu wanalaumu kuku wa kisasa. Chanzo ni nini, na watoto wake watarithi?

JIBU: Marahaba. Kuku hawahusiki. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiila, tumbo linaimeng'enya kama nyama yoyote. Ndiyo maana hata insulini hudungwa, hainywewi.

Ugonjwa wenyewe unaoshukiwa ni akromegali, yaani homoni ya ukuaji kuzidi kwa mtu mzima. Kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, chanzo ni uvimbe kwenye pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo. Karibu kila mara si saratani. Seli moja hupata hitilafu ya jeni, huzaliana, na zote humwaga homoni bila kujali kwamba mwili umetosheka. Homoni hiyo hulisukuma ini litoe homoni nyingine iitwayo IGF-1, inayokuza mikono, miguu, taya na ulimi. Pia hudhoofisha kazi ya insulini, kwa hiyo sukari yake huenda imetokea hukohuko. Mara chache mno, uvimbe wa pafu au kongosho ndio huichochea pituitari.

Kurithi? Kwa wengi hitilafu imo ndani ya uvimbe tu, haishuki kwa watoto. Ningeshuku ukoo kama ugonjwa ungeanza kabla ya miaka 30, au kuna ndugu mwenye uvimbe wa pituitari.

Kupima homoni ya ukuaji mara moja hakusaidii, maana hupanda na kushuka siku nzima. Aanzie kliniki ya magonjwa ya ndani, Bugando, aulizie IGF-1 inayosomwa kwa viwango vya umri wake. Ila sukari ikiwa juu hivyo, IGF-1 huweza kuonekana ya kawaida kumbe sivyo. Sukari ishushwe, kipimo kirudiwe. Kipimo kingine, cha kunywa gramu 75 za glukosi kuona kama homoni ya ukuaji itashuka, hakimfai sasa kwa sababu ya sukari hiyo. IGF-1 ikizidi, inafuata picha ya MRI ya pituitari. Tiba ya kwanza kwa kawaida ni upasuaji kupitia puani.

Akianza kugonga vitu vya pembeni kwa kutoviona, asingoje tarehe ya kliniki. Kichwa kikimuuma ghafla kwa ukali, akatapika au macho yakafifia, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.