Kwa fundi anayeanza alaimenti: kazi huanza kabla ya mashine

Mteja akikuletea gari na kusema "nifanyie alaimenti", amekutajia kazi, yaani kuyaweka magurudumu katika pembe zake, hajakutajia tatizo. Muulize. Gari linavuta upande gani? Linavuta muda wote au akikanyaga breki tu? Usukani umekaa upande, au unatetemeka? Limegonga shimo hivi karibuni? Kuna kifaa cha miguu ya mbele kilichobadilishwa? Gari linalovuta wakati wa breki peke yake, kaanze kuangalia breki. Usukani unaotetemeka kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, kwa kawaida hiyo ni balansi ya magurudumu (uzito usiolingana kuzunguka gurudumu), na alaimenti hata uirudie mara ngapi haitauponya. Kisha liendeshe mwenyewe, hata kama wateja wamepanga foleni.

Ukirudi, soma matairi. Tazama kwanza kama kuna nyaya zilizotokeza, maana zitakukata. Halafu pitisha kiganja juu ya kashata, sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, kutoka nje kwenda ndani, kisha kirudishe. Kikiteleza ukienda na kukwaruzwa ukirudi, kama kimepita kwenye meno ya msumeno, tou haiko sawa, yaani magurudumu yameelekea ndani au nje kwa mbele kupita kiasi. Tairi lililoliwa bega moja, yaani ukingo mmoja, huelekeza kwenye kemba (gurudumu kuegemea ndani au nje kwa juu), ingawa tou mbaya nayo hula bega, ndiyo maana nakuomba utumie mkono na si macho tu. Mabega yote mawili yakiisha na katikati kukabaki, upepo ulikuwa mdogo. Katikati kukiisha, ulikuwa mwingi. Mabonde mabonde kuzunguka tairi hutokana zaidi na shokapu zilizochoka au balansi.

Sasa piga jeki. Hapa ndipo vijana wengi huruka, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Shika gurudumu kushoto na kulia, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako aendelee kulitikisa wewe ukiwa chini umeweka vidole kwenye kiungo cha tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu usukani ukizungushwa: kama imelegea utausikia mgongano mdogo kabla hujauona. Shika tena juu na chini. Likicheza hapo, shuku beringi au boljointi. Bushi (mipira ya viungo) za mikono inayoshikilia magurudumu zibinue kwa mtaimbo, uone kama mpira umechanika.

Ukikuta kitu kimelegea, simama. Usifanye alaimenti. Gari likiwa limesimama kwenye mashine, tairodi iliyolegea imetulia mahali fulani, na wewe utafunga vipimo vizuri kabisa kwa mahali hapo. Likianza kutembea, barabara inayasukuma magurudumu, ule ulegevu unafunguka, na vipimo ulivyofunga havipo tena. Mwite mwenye gari, mtikisie gurudumu mbele ya macho yake, mweleze. Akikataa kubadilisha kifaa, ni haki yake, lakini usichukue pesa yake ya alaimenti.

Upepo ujazwe kama kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango kinavyosema, matairi ya ekseli moja yawe ya saizi moja, na mizigo mizito itoke kwenye buti. Tazama pia kama gari limeinama upande mmoja, kwa sababu springi iliyolala hubadilisha kemba, na hutairekebisha kwa spana ya tairodi.

Kwenye mashine, fuata hatua zote inazokuomba, hasa ile ya kusukuma gari ili mashine ifidie rimu iliyopinda au kishikio cha kwenye gurudumu kilichokaa vibaya. Ukiiruka, namba zote zitakazofuata hazina maana. Chomoa pini za sahani zinazozunguka chini ya magurudumu ya mbele, bonyeza gari mbele na nyuma litulie, ndipo usome. Kuwa makini na namba zenyewe: digrii 1 ina dakika 60, kwa hiyo digrii 0.30 ni dakika 18, si dakika 30. Angalia skrini yako inatumia kipimo kipi kabla hujashika spana.

Wala usidanganywe na rangi ya kijani, ambayo skrini huonesha kipimo kikiwa ndani ya kinachokubalika. Kijani kina nafasi ndani yake. Gurudumu la kushoto likikaa mwanzo wa nafasi hiyo na la kulia mwisho wake, yote mawili ni kijani na gari bado linavuta. Gari huvutwa kuelekea upande wenye kemba chanya zaidi, na kuelekea upande wenye kasta ndogo zaidi (kasta ni mwinamo, mbele au nyuma, wa mhimili ambao gurudumu hugeukia). Linganisha kushoto na kulia kila mara.

Anza nyuma, kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi, na tou ya mbele hupimwa kwa kuufuata mwelekeo huo. Kisha nenda mbele: kasta, kemba, na tou mwisho, maana ukigusa kemba tou inahama. Magari mengi hayana pa kurekebisha nyuma. Ukikuta namba za nyuma zimetoka sana kwenye gari la aina hiyo, kuna kitu kimepinda, mwambie mteja.

Kufunga tou kunahitaji subira. Weka usukani katikati kabisa na uufunge kwa kishikilio. Legeza nati za tairodi zote mbili, achia kibano cha mpira unaofunika reki ya usukani usije ukajisokota na kuchanika, halafu zungusha kila upande mpaka ufike kwenye kipimo chake. Ukifanya upande mmoja tu, jumla itatoka sawa na usukani utakaa upande. Dawa yake si kuchomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Ni kurudi kwenye tairodi. Unapokaza nati, ishikilie tairodi kwa spana nyingine, na ukishakaza tazama skrini upya, kwa sababu kukaza kwenyewe huizungusha kidogo. Mimi siliondoi gari kabla ya kuitazama namba hiyo mara ya pili.

Magari mapya yenye sensa ya usukani au kamera ya kioo cha mbele mara nyingi huhitaji kuwekwa sawa upya baada ya kazi hii. Fuata maelekezo ya mtengenezaji.

Lijaribu tena kwenye barabara tambarare, kwani barabara nyingi zimeinamishwa pembeni ili maji yatiririke, na hata gari lisilo na kasoro litafuata mwinamo huo. Likiendelea kuvuta wakati vipimo viko sawa, badilishanisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, isipokuwa kama ni ya mwelekeo mmoja. Mvuto ukihamia upande wa pili, ubaya uko kwenye tairi. Mpe mteja karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada, na umwoneshe kwa kidole kilichobadilika.