Re: Mafunzo ya mtandaoni yanatosha kwa wahudumu wa dirishani?

Ndugu, umeuliza kama mafunzo ya mtandaoni yanatosha kwa wanaohudumia wazee, wagonjwa na wafiwa kwenye dirisha la benki. Yanasaidia sana, ila msiishie kwenye video. Mwongozo wa 2021 wa FCA, msimamizi wa huduma za fedha Uingereza, unataja mambo manne yanayomweka mteja hatarini: afya, matukio ya maisha, uwezo wa kuhimili misukosuko, na uelewa. Anzieni hapo, kisha muigize wawili wawili, mmoja mteja, mwingine mhudumu.

Mimi bibi mmoja aliwahi kunitajia namba yake ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Nilimsogeza pembeni, nikamnong'oneza, "Bibi, hiyo usimwambie hata mimi," tukaibadilisha palepale. Kumzuia mtu mzima bila kumwaibisha kunataka mazoezi ya kuongea ana kwa ana.