Maswali ya Wasomaji: Semina ya Mama na Mtoto Inapohamia Simuni

Swali: Hamjambo wahariri. Zahanati yetu imeanza semina ya Zoom kwa wajawazito na waliojifungua. Wanaingia hamsini, ikifika nusu saa wamebaki kumi na wawili. Lugha ni nyepesi na mada wanazipenda. Tunakosea wapi? (Muuguzi mkunga, Tabora)

Jibu: Kabla ya kulaumu mada, piga hesabu ya bando. Video ya kilobiti 600 kwa sekunde hula MB 270 kwa saa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64, hula kama MB 29. Mama aliyejiunga kifurushi kidogo cha siku hakuwatoroka, bando limekata. Kamera zote zizimwe, ya mtoa mada ikiwemo, na iwashwe pale tu mikono inapoonyesha kitu. Picha za somo, tatu au nne zenye namba kubwa, zitumwe kwenye kundi la WhatsApp tangu mchana. Usiku mwezeshaji atasema tu "fungueni picha ya pili", na hata anayesikiliza sauti peke yake atakwenda sambamba na wenzake.

Halafu kuna zile dakika 40 za Zoom ya bure. Zinaanza kuhesabiwa mkishaingia chumbani, hazingoji muda uliotangaza. Ukifungua mapema ili watu wasalimiane na kuulizana "mnanisikia?", robo saa imekwenda, na chumba kitafungwa ukiwa katikati ya dalili za hatari. Salamu zimalizike kwenye kundi. Dalili za hatari nazo zitangulie somo. Sijui nani alituzoesha kuziweka ukurasa wa mwisho.

Mwaliko ukiandika 8:30 PM, wapo watakaousoma saa nane na nusu. Futa, andika "saa mbili na nusu usiku". Mkiwa na wasikilizaji Muscat, kwao ni saa tatu na nusu.

Swali: Tulifundisha kuchanganya ORS, ile dawa ya unga ya mtoto anayeharisha, kwa slaidi, kila mtu akaandika "nimeelewa". Siku chache baadaye mama mmoja akatuonyesha alivyofanya: pakiti ya lita moja ndani ya chupa ya nusu lita. Tungefundishaje? (Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Kigoma)

Jibu: Pakiti hazifanani. Ipo ya lita moja, ipo ya nusu lita, na maandishi yake ni madogo. Ya lita moja ikiingia kwenye nusu lita, chumvi inakuwa maradufu na inaweza kumdhuru mtoto. Ya nusu lita ikiingia kwenye lita, dawa inakuwa nyepesi na chumvi aliyoipoteza hairudi inavyotakiwa.

Hapa ndipo pa kuwasha kamera. Simu iegemezwe juu, itazame meza, taa iwe upande wako na si nyuma ya jagi. Ilete pakiti karibu, uishike bila kuitikisa mpaka maandishi yatulie, kisha soma ujazo kwa sauti mara mbili. Chukua ile chupa ya maji ya nusu lita inayouzwa kila duka, ijaze mara mbili na umimine kwenye jagi: hiyo ni lita. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Mimina pakiti yote bila kubakiza "ya kesho", koroga mpaka iyeyuke, usiongeze sukari. Saa 24 zikipita, kilichobaki kimwagwe.

Kiasi cha kunywesha ni ml 50 hadi 100 kila anapoharisha kwa aliye chini ya miaka 2, na ml 100 hadi 200 kwa aliyefika miaka 2 au zaidi. Lakini "ml" haina sura. Pima mbele yao, weka alama kwenye kikombe cha kawaida, waone inafika wapi. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole, kijiko kwa kijiko. Zinki, dawa inayokwenda pamoja na ORS, ni mg 20 kwa siku, au nusu ya hapo kwa aliye chini ya miezi 6, siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma siku ya tatu. Siku hiyo ya tatu ndipo wengi huacha.

"Nimeelewa" msiipokee tena. Kila mama atume picha ya pakiti yake na chombo atakachopimia.

Swali: Semina ikiendelea wanatuma picha za watoto wenye vipele na kuuliza dawa. Mmoja aliandika ana mimba ya miezi minane, kichwa kinamuuma sana na anaona maluweluwe. Tufanyeje? (Tabibu, Lindi)

Jibu: Huyo wa mimba hasubiri kipindi cha maswali. Huenda kifafa cha mimba kinamnyemelea. Anatakiwa apimwe presha na mkojo usiku huohuo. Awepo mtu asiyefundisha, kazi yake kusoma ujumbe tu, akiwa na orodha ya namba za simu na kituo cha karibu cha kila mama, iliyojazwa wakati wa kujiandikisha. Ampigie, asimwandikie. Kwa Tanzania, usafiri wa dharura wa m-mama hupatikana kwa namba 115, bila malipo.

Kwa vipele, msitaje dozi hadharani. Dozi hupangwa kwa uzito, na wengine wote wanaosikiliza wataiandika kwa ajili ya watoto wao. Picha pia haihesabu pumzi wala haipimi joto. Mwelekezeni kituoni, picha ifutwe: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ni nyeti. Mpangilio wa Zoom uwekwe ili ujumbe umfikie mwenyeji peke yake, na kurekodi kusimamishwe kabla ya maswali.

Swali: Mama mkwe kasikia semina, anasema mtoto wa miezi miwili atakufa kiu kwa joto hili la Dar. Nimpe maji kidogo? (Mama Asha, Temeke)

Jibu: Hapana. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yako ni maji. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo mweupe, maziwa yanamtosha. Na semina ijayo simu ashike mama mkwe.