Mizinga kumi kwenye bustani ya jamii

SWALI: Habari, mtaalamu. Sisi ni majirani wenye bustani ya pamoja, kama robo ekari. Tunataka kuchanga tutundike mizinga kumi ili tuwaokoe wachavushaji, na watoto wetu wapate kuzoea viumbe na mimea. Muuzaji anasema mzinga ukishatundikwa hauna kazi nyingine. Tuchague aina gani?

JIBU: Ndugu msomaji, maswali ya namna hii yananifikia kila mara, na karibu yote yana dhana moja ndani yake: kwamba anayefuga nyuki wa asali anawaokoa wachavushaji, yaani viumbe wanaobeba unga wa maua kutoka ua hadi ua. Si kweli. Nyuki wa asali ni mifugo, na aongezaye mbuzi malishoni hajamsaidia swala.

Duniani kuna spishi zaidi ya 20,000 za nyuki. Wanaotengeneza asali ya kurina ni wachache mno. Wengi wa waliobaki hawana malkia wala masega. Jike huishi peke yake. Huchimba kishimo kwenye udongo mtupu, hufinyanga kidonge cha chavua (huo unga wa maua) na mbochi (maji matamu ya maua), hutaga yai moja juu yake, huziba, kisha huanza chumba kingine. Baadhi ya hao ndio walio mashakani, na kinachowamaliza ni uhaba wa maua, kukosa mahali pa kutagia, na viuatilifu. Mzinga hauondoi hata moja kati ya hayo. Unaongeza walaji tu.

Tena walaji wenyewe ni wengi. Kundi moja lenye nguvu lina vibarua makumi ya maelfu, na kufuata mbochi kilomita 2 au 3 ni kawaida kwao. Nyuki mdogo wa porini mara nyingi haendi zaidi ya mita mia chache kutoka kishimoni mwake. Maua yakiadimika, wenu watakwenda mbele. Yeye atabaki na yaliyokwisha kukombwa.

Na si kila ua linamtii nyuki wa asali. Simama karibu na biringanya au nyanya zinapochanua. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao hulikumbatia ua, hutetemesha misuli ya mabawa mpaka unasikia mvumo, na chavua humwagika tumboni kwake kupitia vitundu vidogo. Nyuki wa asali hawezi kulitetemesha ua hivyo. Halafu huyo mweusi ndiye watu wanayempulizia dawa kwa sababu katoboa boriti!

Sasa huyo muuzaji. Amewadanganya, na wenzake wengi wanadanganya hivyohivyo. Mzinga usiokaguliwa huingiliwa na nondo wa nta na utitiri wa varoa, vijidudu vinavyojishikiza kwa nyuki na kuwanyonya. Kundi likidhoofika, nyuki wa mizinga mingine huja kupora asali, wakarudi kwao na utitiri huo. Virusi vinavyoenezwa na varoa huachwa hata kwenye maua, na nyuki wa porini huviokota hapo. Mzinga uliotelekezwa ni mradi wa maradhi, hata ukipakwa rangi nzuri namna gani.

Mkitaka asali, na mmoja wenu yuko tayari kujifunza kwa mfugaji mzoefu, anzeni na mizinga miwili yenye fremu zinazotoka, yaani viunzi vinavyoshika masega. Miwili, ili kundi moja likipoteza malkia mliwekee fremu yenye mayai kutoka kwa jingine, lilee malkia mpya. Kwanza ulizeni kama kuna jirani mwenye mzio wa sumu ya nyuki. Pesa za mizinga minane zitieni kwenye mimea ya asili inayopokezana kuchanua mwaka mzima. Acheni kipande cha udongo bila kulima wala kufunika, na gogo kavu lisichomwe. Hapo watoto wanaweza kuchutama na kutazama nyuki akiingia kishimoni na miguu iliyojaa chavua. Hao wa peke yao ni nadra kuuma.

Jihadharini pia na dawa zinazouzwa kwa jina la "salama kwa nyuki". Majaribio ya viuatilifu kwa kawaida hufanywa kwa nyuki wa asali, wala si kwa yule anayelea watoto ndani ya udongo uliopuliziwa. Msipulizie mimea iliyochanua. Na yeyote anayewauzia mizinga, muulizeni atakuja lini kuikagua na atafanya nini akikuta utitiri. Akibabaika, msitoe pesa.